Droni Juu ya Barabara: Magari Yatapashanaje Habari, na Nani Ataaminiwa?

Tangu vibao vya namba vya kidijitali vilipoanza kufungwa kwenye magari ya serikali mwishoni mwa mwaka 2023, kisha vikawafikia wenye magari binafsi na bodaboda, mazungumzo ndani ya takisi za Kampala yamekuwa yakichanganya mambo matatu yasiyofanana. Abiria mmoja husema kwamba sasa magari yanazungumza yenyewe kwa yenyewe. Mwingine hudai kwamba ziko droni zinazoyafuata kila yaendako. Wa tatu huhitimisha kwamba yote hayo ni mpango mmoja wa kumpeleleza mwananchi. Hofu hiyo ina sababu zake, na aliye nayo hastahili kubezwa, lakini mtu hawezi kudai haki yake vizuri juu ya jambo asilolielewa. Kwa hiyo tuanze kwa kuyatenganisha mambo hayo matatu.

Kibao cha kidijitali ni kitambulisho. Kinaiwezesha mamlaka kujua kuwa gari fulani ni gari gani na lilikuwa wapi, na habari hiyo hutoka kwenye gari kwenda kwenye mfumo mmoja unaoendeshwa na dola. Mtandao wa magari ni kitu kingine kabisa: ni magari yaliyofungwa redio ndogo, yakipashana habari moja kwa moja bila kupitia ofisi yoyote, ili lililo nyuma lijue kilicho mbele. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ambayo wengine huiita ndege nyuki, huingia katika mtandao huo pale ambapo magari yenyewe hayasikilizani, au pale ambapo kuna shaka kwamba miongoni mwao yumo mwongo. Makala hii inahusu jambo hili la tatu, ingawa haliwezi kueleweka bila lile la pili.

Mtandao tulio nao tayari

Anayesafiri kutoka Kampala kwenda Jinja, akishaipita Lugazi, huingia katika Msitu wa Mabira. Lori likiharibikiwa kwenye kona mle ndani, utingo hushuka na panga, hukata matawi na kuyapanga barabarani hatua kadhaa nyuma ya lori, kisha hufanya vivyo hivyo upande wa mbele. Dereva anayetoka Jinja akishalipita lori hilo, huwamulikia taa wenzake anaokutana nao, mara mbili au tatu, nao hupunguza mwendo kabla hata ya kuyaona matawi. Hakuna aliyewafundisha darasani. Huo ni mtandao wa magari uliokamilika: yupo mtoa habari, ipo njia ya kuipeleka, na yupo mpokeaji anayejua maana yake.

Udhaifu wake pia tunaujua. Usiku wa mvua matawi hayaonekani mpaka gari limeshayakanyaga. Taa huonwa tu na yule anayekuja uso kwa uso, si na aliye nyuma ya mlima. Tena kila dereva wa safari za usiku amewahi kuonywa kwamba si kila tawi barabarani limewekwa na utingo mwenye shida, kwa maana mengine huwekwa na wezi wanaotaka gari lisimame. Ujumbe usiofika na ujumbe wa uongo ndiyo matatizo mawili ambayo wahandisi wanahangaika nayo, na kila kinachosemwa kuhusu droni katika mitandao ya magari ni jibu la mojawapo kati ya hayo mawili.

Redio ndani ya gari hufanya kazi ya taa na matawi kwa namna ya haraka zaidi. Hutuma ujumbe mfupi mara nyingi, hadi mara 10 kwa sekunde: niko mahali hapa, naelekea huku, kwa kasi hii, nimekanyaga breki. Marekani ilitenga masafa ya gigahazi 5.9 kwa ajili ya kazi hiyo tangu mwaka 1999. Mwaka 2010 ulipitishwa utaratibu wa kiufundi wenye asili moja na Wi-Fi, na mwaka 2017 ukaja mwingine wenye asili ya simu za mkononi. Taratibu hizo mbili hazisikilizani, ni kama watu wawili waliokaa benchi moja huku kila mmoja akisema lugha yake.

Mahali peupe mawimbi hayo hufika mita mia kadhaa, na pakiwa pazuri sana hukaribia kilomita moja. Lakini mawimbi ya masafa ya juu namna hiyo ni magumu kupinda. Yakikutana na jengo la ghorofa, lori la kontena, au bega la kilima, hukatika. Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na hapo shida inaanza.

Kuchagua njia ya ujumbe

Ikiwa gari la kwanza haliwezi kulifikia la kumi, litapitisha ujumbe kwa la pili, la pili kwa la tatu, kama watu wanaopokezana ndoo za maji soko linapowaka moto. Kuamua ndoo ipewe mkono upi ndiko kunakoitwa uelekezaji wa data. Katika ofisi au nyumbani kazi hiyo hufanywa na kifaa kilichotulia mezani na kinachojua majirani zake. Barabarani majirani hukimbia. Chukua magari mawili yanayopishana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa. Kwa pamoja yanakaribiana kwa mita 44 hivi kila sekunde, na ikiwa redio zao zinafika mita 300, tangu yaanze kusikilizana mpaka yapotezane ni sekunde 14 tu. Ramani ya nani yuko wapi huchakaa kabla haijamalizika kuchorwa.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hiyo ni kumuuliza kila mtu: gari hutangaza swali, kila anayelisikia hulirudia, mpaka apatikane anayemjua mpokeaji. Magari yakiwa machache swali hilo hupita salama. Katika msongamano wa Jinja Road saa kumi na moja jioni, kila redio ikirudia maswali ya wenzake, hewa hujaa kelele na ujumbe wa maana hauna pa kupenya.

Njia ya pili ni kumpa ujumbe yule aliye karibu zaidi na mpokeaji kwa umbali wa moja kwa moja. Inasikika kama busara tupu, mpaka ukumbuke mtu aliyesimama Kibuli akaiona Kololo ng'ambo, akaamua kuifuata pua yake bila kuuliza njia: atafika kwenye mtaro wa Nakivubo mahali pasipo na daraja. Ujumbe nao hufika kwa gari lililo karibu zaidi na mpokeaji kuliko majirani zake wote, lakini lisilo na mtu wa kumpa. Hapo hukwama.

Ya tatu ndiyo tunayoitumia kila siku tunapomkabidhi dereva wa basi mzigo wa ndugu yetu wa Mbale. Gari huubeba ujumbe, husafiri nao, na kuukabidhi litakapokutana na wa kumpa. Njia hii haishindwi kwa urahisi, ila ni ya polepole, na tahadhari ya ajali inayofika baada ya nusu saa haina faida kwa mtu.

Sasa inua droni mita 100 juu ya barabara. Kitu cha kwanza kinachobadilika ni kwamba kilima si kizuizi tena, kwa kuwa magari ya pande zote mbili yanaiona droni hata kama hayaonani. Inakuwa daraja. Kitu cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kubwa zaidi, ni kwamba droni inasikia jumbe za magari yote yaliyo chini yake kwa wakati mmoja, kwa hiyo inajua barabara ipi ina magari ya kutosha kupokezana ujumbe na ipi ina pengo katikati. Omar Sami Oubbati wa Chuo Kikuu cha Laghouat nchini Algeria na wenzake walichapisha mwaka 2016 mbinu waliyoiita UVAR, inayojengwa juu ya wazo hilo: droni huhesabu hali ya kila kipande cha barabara kati ya makutano na makutano, huyajulisha magari ni kipande gani kinafaa kupitisha data, na pale penye pengo lisilozibika huubeba ujumbe yenyewe. Gari la chini halihitaji tena kubahatisha kama yule mtu wa Kibuli, kwa sababu yuko aliyeko juu anayeuona mtaro na daraja lake.

Mfano wa karibu ni daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, lililoharibiwa na mafuriko mwezi Mei 2023, barabara ikafungwa na magari yakalazimika kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Tazama jiografia ya jambo hilo. Dereva anayetoka Kampala huchepuka Mpigi. Akiipata habari akiwa tayari ameshafika kwenye kinamasi cha Lwera, karibu na daraja, haimfai kitu, kwa maana atageuza makumi ya kilomita na mafuta yameshateketea. Ujumbe uliozaliwa kwenye daraja lazima ufike kwenye njia panda ya Mpigi, na usiku wa manane, magari yanapokuwa machache, mnyororo wa kupokezana hukatika mara kadhaa njiani. Droni mbili au tatu zilizopangwa juu ya sehemu hizo tupu zingeunganisha mnyororo huo bila kujenga mnara hata mmoja. Simu nazo hufanya kazi hiyo, bila shaka, mradi kuwe na mtu wa kupiga na mtu wa kupokea. Mtandao wa magari humwambia hata dereva asiyemjua yeyote Masaka.

Muhuri, si kufuli

Tuje kwenye mwizi mwenye tawi. Watu wengi wakisikia usalama wa data hufikiria kuficha: ujumbe ufungwe kwa fumbo ili asiyehusika asiusome. Katika mtandao wa magari jumbe za tahadhari kwa kawaida hazifichwi. Hazina sababu ya kufichwa, kwa kuwa lengo lake ni kusomwa na kila aliye karibu, mgeni na mwenyeji. Kinachotakiwa ni kujua kwamba aliyeutuma ni gari la kweli lenye idhini, na kwamba hakuna aliyebadilisha neno njiani.

Fikiria barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Ukienda kufungua akaunti au kuomba kitambulisho, unaipeleka barua hiyo ikiwa wazi, na kila karani anaweza kuisoma. Thamani yake iko kwenye muhuri na saini. Saini ya kidijitali hufanya kazi hiyo kwa tofauti mbili muhimu. Muhuri wa mpira unaweza kuchongwa na fundi yeyote mwenye kisu na saa moja ya nafasi, ilhali saini ya kidijitali hutengenezwa kwa namba ya siri ndefu sana ambayo haiwezi kukisiwa. Tena muhuri wa mpira haujali kilichoandikwa juu yake, ilhali saini ya kidijitali huzaliwa kutokana na maneno ya ujumbe wenyewe, hivyo ukibadilisha herufi moja saini inakataa. Kila gari hupewa vyeti vinavyothibitisha saini zake, na ili mtu asiweze kufuatilia safari zako kwa kuangalia cheti chako, magari hupewa vyeti vingi vyenye majina ya bandia na huvibadilisha mara kwa mara.

Hata hivyo saini haimalizi uovu wote, kwa sababu mwenye cheti halali naye anaweza kusema uongo. Hapo ndipo droni inapokuwa shahidi. Kuna hila ambayo John Douceur aliieleza mwaka 2002 kwa jina la shambulio la Sybil: mtu mmoja hujifanya wengi. Gari moja lenye vyeti 20 linaweza kutangaza kwamba magari 20 yamekwama kwenye Northern Bypass, wengine wote wakachepuka, nalo likapita barabara nyeupe. Magari yaliyo mbali hayana namna ya kuhakiki. Droni iliyo juu ya mahali hapo hupima mawimbi yanatoka upande gani na kugundua kuwa sauti zote 20 zinatoka sehemu moja, na ikiwa ina kamera huona kwamba barabara ni tupu.

Hila nyingine ni ya gari linalojitangaza kuwa ndilo lenye njia fupi kuliko zote, likapokea jumbe za wenzake na kuzimeza. Ni kama yule dereva wa basi aliyepokea mzigo wa Mbale asiufikishe. Kwa kuwa droni husikia kinachoingia kwenye gari hilo na kinachotoka, tofauti huonekana upesi. Cheti cha mdanganyifu kikishafutwa, ni lazima habari za kufutwa kwake ziwafikie wote, la sivyo ataendelea kuaminiwa na wasiojua, na droni inayozunguka ni msambazaji mzuri wa orodha hiyo hadi kwenye barabara za pembezoni.

Lakini shahidi naye huchunguzwa. Mwezi Juni 2012, Todd Humphreys na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kwamba ndege isiyo na rubani inaweza kudanganywa kwa mawimbi bandia ya GPS mpaka ikaamini iko mahali isipokuwapo. Droni inaweza kuangushwa, ikachukuliwa, na namba zake za siri zikatafutwa ndani yake. Inaweza kuzibwa masikio kwa kelele za redio. Kwa sababu hiyo wanaoipa droni imani ya moja kwa moja, kwa kuwa tu iko juu, wanakosea sana. Utaratibu salama ni kwamba ujumbe hutiwa saini na gari lililoutuma na kuhakikiwa na gari linaloupokea, nayo droni hubaki tarishi asiyeweza kubadilisha barua. Akitekwa, anaweza kuichelewesha au kuitupa, lakini hawezi kuandika yake kwa jina la mwingine. Mfumo wowote utakaoletwa hapa ungefaa kuulizwa swali hilo kabla ya mengine yote.

Yanayosemwa vijiweni

Linalorudiwa zaidi ni kwamba droni ya namna hii ni kamera. Inaweza kuwa nayo, lakini kazi ya kupitisha ujumbe haihitaji kamera hata kidogo. Inahitaji antena, redio na kompyuta ndogo. Ikiwa mtu ataileta yenye kamera, basi wananchi wana haki ya kumuuliza picha zinakwenda wapi na zinakaa muda gani, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatoa msingi wa kuuliza.

Wengine husema kwamba 5G ikienea haya yote hayatakuwa na kazi. Minara inasaidia sana, hilo ni kweli, lakini hata utaratibu wenye asili ya simu za mkononi umewekewa njia ya gari kuzungumza na gari bila mnara, kwa sababu mnara huweza kuzidiwa au kukatikiwa umeme wakati ule ule wa maafa.

Kuna pia hofu kwamba mtu atauteka usukani kwa kupitia mtandao huu. Mwaka 2015, Charlie Miller na Chris Valasek waliliendesha gari aina ya Jeep wakiwa mbali, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa nchini Marekani. Walichopitia, hata hivyo, ni mfumo wa burudani uliounganishwa na mtandao wa simu, kisha wakafika kwenye nyaya za ndani zinazoamrisha breki na usukani. Ujumbe wa tahadhari unaotoka kwa gari jirani ni habari tu. Hatari huja pale mtengenezaji anapouruhusu mlango wa habari ufunguke mpaka chumba cha amri, na hilo ni kosa la ujenzi linalozuilika.

Kuhusu Uganda yenyewe, mambo mawili yanapaswa kusemwa waziwazi. Magari mengi tunayoyaendesha ni yaliyotumika Japani, na karibu yote hayana redio hizi. Hata machache yatakayokuja nayo yataleta mushkeli, kwa kuwa mfumo ulioanza kuuzwa Japani mwaka 2015 hutumia masafa ya megahazi 760, si gigahazi 5.9, kwa hiyo gari hilo halitasikilizana na lililotoka Ulaya. La pili ni betri. Droni ya kawaida yenye panga nne hukaa hewani nusu saa hivi, kisha hushuka. Atakayeahidi droni zitakazolinda barabara kuu usiku kucha aulizwe ngapi, nani atazibadilisha betri, na wapi.

Ndiyo maana sitarajii tuanze na takisi. Magari ya mizigo yanayovuka Malaba na Busia tayari yamezoea kufuatiliwa kwa mihuri ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na kuunganishwa na ya Kenya na Rwanda mwaka 2017. Wenye malori wanajua gharama ya habari iliyochelewa, na kuliongezea lori kifaa cha redio ni kazi ndogo kuliko kubadilisha magari ya nchi nzima. Kwa sehemu korofi kama Lwera, droni iliyofungwa waya wa umeme kutoka ardhini ingeshinda ile ya betri. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, iliinua ya namna hiyo Puerto Rico mwaka 2017, baada ya kimbunga Maria kuangusha minara, ili watu wapate mawasiliano ya simu, nayo ilikaa juu kwa sababu umeme uliifuata. Kwetu pia droni si ngeni: Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu Makerere ilianza mwaka 2021 kuzitumia kupeleka dawa za ARV visiwani Kalangala. Ruhusa ya kurusha hutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na idhini ya upande wa ulinzi, na masafa ya redio hugawiwa na Tume ya Mawasiliano. Kilichobaki bila mwenyewe ni vyeti: ofisi itakayovitoa, itakayovifuta, na itakayojua jina bandia lipi ni la gari lipi. Ofisi hiyo ndiyo itakayoshika siri ambayo abiria wa takisi anaiogopa, na mpaka sheria itaje ni nani na anasimamiwa na nani, swali lake litakuwa halijajibiwa.